Akili mnemba kwa mtunzi wa kwaya: kutoka sauti ya simu hadi nota za sauti nne

Mtunzi wa kwaya Tabora hakosi melodi. Anachokosa ni muda wa kuiandika, kuijazia sauti tatu zilizobaki, na kuifikisha kwa waimbaji waliotawanyika Ng'ambo, Isevya na Kitete kabla ya mazoezi ya Jumamosi. Kazi hizo za ukarani ndizo za kuipa akili mnemba. Ukiiagiza ikutungie wimbo wa mavuno wa Kinyamwezi, italeta kitu laini kisicho na kwao. Ukiipa melodi yako na masharti makali, itakupunguzia usiku kadhaa wa kalamu na kifutio.

Programu zinazotajwa hapa ni za bure: Basic Pitch ya Spotify ya kugeuza sauti kuwa nota, EasyABC na MuseScore Studio za kuandikia nota, na Demucs ya kutenganisha sauti za rekodi. Msaidizi wa maandishi anaweza kuwa ChatGPT, Gemini au Claude; kwa kazi hii tofauti yao ni ndogo kuliko tofauti ya agizo zuri na agizo baya.

Rekodi kwanza, na metronomu sikioni

Makosa mengi ya baadaye huzaliwa hapa. Weka metronomu kwenye simu ya pili, ivae kwa hedifoni sikio moja, kisha imba melodi kwa silabi "du" badala ya maneno. Konsonanti "d" inaipa programu mwanzo wazi wa kila nota. Ukiimba maneno yenye "s" na "sh", au ukiteleza kutoka nota moja kwenda nyingine kama tunavyopenda, nota moja itahesabiwa kuwa tatu.

Simu iwe umbali wa sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni. Chagua WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, kama kinasa sauti chako kinayo. Rekodi ya chaneli moja (mono) kwa 44.1 kHz na biti 16 inakula takribani MB 5 kwa dakika, na melodi yako ni sekunde 30 tu. Usiijaribu mvua ikipiga juu ya bati. Usichukue ujumbe wa sauti wa WhatsApp ukautumia kama chanzo, maana umeshabanwa. Ukilazimika kutuma faili, litume kama dokumenti.

Basic Pitch hupokea sauti na kutoa MIDI, yaani faili la nota zinazosomwa na kompyuta, na ni ndogo kiasi cha kufanya kazi ndani ya kivinjari. Ipe sauti moja kwa wakati. Ukiipa kwaya nzima pamoja na kinanda, itakurudishia mchele uliochanganyika na pumba. Ina vidhibiti vya mpaka wa chini na wa juu wa sauti: kwa mwanaume anayeimba kati ya C3 na G4 weka kama 110 Hz hadi 450 Hz, kwa mwanamke wa sauti ya kwanza 220 Hz hadi 850 Hz. Bila mipaka hiyo utaona nota za ajabu oktava moja juu, ambazo ni sauti za juu zilizomo ndani ya sauti yako mwenyewe.

Kisha kuna kasi, na hapa ndipo wengi hukwama. Programu haitambui kasi uliyoimbia. Unaiandika wewe, na inahesabu kwa nota ya robo. Nyimbo zetu nyingi zenye asili ya ngoma zinakwenda 6/8, ambako pigo ni robo yenye nukta. Kama metronomu yako ilikuwa 72 kwa pigo, zidisha kwa 1.5 na uandike 108. Ukiandika 72, au ukiacha 120 iliyokuwepo, kila mstari wa kipimo utaangukia mahali pasipo pake.

Hata ukifanya vizuri, MIDI hiyo itakuwa na nota zilizochelewa kidogo na vipumziko vidogovidogo. Kwa melodi fupi ya vipimo 16 usipoteze muda kuisafisha. Isome kama rasimu, kisha uandike upya kwa mkono.

Iandike kwa ABC, usiipe solfa

Waimbaji wetu husoma solfa, kwa hiyo kishawishi ni kumwandikia msaidizi "s, | d r m r". Majina ya nota ataelewa. Atakosea muda, kwa sababu nukta mbili, mikato na nafasi za solfa zina maana ambayo yeye huichanganya kirahisi. Mfumo wa ABC ni maandishi matupu kama solfa, lakini urefu wa nota umeandikwa kwa tarakimu. Tazama mstari huu wa mfano, wenye maneno "Asali ya miombo imejaa mizinga", do ikiwa G:

X:1
T:Asali
M:6/8
L:1/8
Q:3/8=72
K:G
D | G2 A B2 A | d2 B A2 B | d3 B2 A | G3 G2 |]
w: A-sa-li ya mi-o-mbo i-me-ja-a mi-zi-nga

Nota 14, silabi 14. M ni kipimo, Q ni kasi, K ni ufunguo, na w ni maneno. Herufi kubwa C ni C ya kati ya kinanda, c ndogo ni oktava juu yake, na C yenye mkato (C,) ni oktava chini; mikato miwili ni oktava mbili. L:1/8 inasema nota isiyo na tarakimu ni ya nane. 2 ni mara mbili yake, 3 ni mara tatu. Kila kipimo kamili lazima kijumlishe 6, isipokuwa nota ya kuanzia na kipimo cha mwisho, ambavyo kwa pamoja vinatimiza 6.

Angalia mgawanyo wa silabi. Wewe andika mwenyewe, usimwachie msaidizi, kwani ana mazoea ya Kiingereza: atakata "miom-bo" na "mizin-ga", na waimbaji wataifunga "n" kabla ya nota kwisha. Kiswahili kinaimbwa mi-o-mbo, mi-zi-nga. "Imejaa" naye atapenda kuibana iwe na silabi tatu. Ina nne, na "ja" ndiyo yenye mkazo. Ndiyo maana kwenye mstari huu sa, o, ja na zi zote zimeketi kwenye pigo la kwanza la kipimo.

Agizo la sauti tatu

Bandika ABC yako, kisha masharti. Hili linafaa:

"Hii ni sauti ya kwanza. Usibadilishe nota yake hata moja. Ongeza sauti ya pili, ya tatu na ya nne, kila moja kwa mdundo uleule wa sauti ya kwanza. Sauti ya pili ikae kati ya G, na c; ya tatu kati ya D, na G; ya nne kati ya G,, na C. Sauti ya pili itembee sambamba na ya kwanza, chini yake kwa tatu au nne, na itumie d r m s l tu. Rudisha ABC yenye V:1 hadi V:4. Baada yake, orodhesha jumla ya kila kipimo kwa kila sauti."

Sharti la sauti ya pili halikuwekwa kwa urembo. Usipolisema, msaidizi atafuata desturi ya tenzi za Ulaya, ambako sauti za ndani huzunguka zikielekea kinyume na melodi, na ataingiza f na t hata kama melodi yako haina. Kwa Kiswahili hilo ni suala la ladha tu. Kwa Kinyamwezi ni kubwa zaidi: lugha ina toni, na sauti ya pili inayopanda mahali neno linaposhuka inaweza kulivuruga neno. Tena, usimwamini msaidizi na mashairi ya Kinyamwezi. Mpe maneno yaliyokwisha kukaguliwa na mzee anayeijua lugha, na umkataze kuyagusa.

Orodha ya jumla atakayokupa ihesabu tena mwenyewe, kwa kuwa anaweza kuandika "6" chini ya kipimo chenye 5. Halafu kagua mipaka. Kosa la kawaida ni sauti ya tatu kuandikwa oktava juu ya inapoimbwa, kwa sababu nota za wanaume hao huandikwa mara nyingi kwenye ufunguo wa G na kuimbwa oktava chini.

Mwisho tazama sauti ya kwanza na ya nne pamoja. Kwenye "ja-a" melodi inashuka kutoka D kwenda B, yaani s kwenda m. Msaidizi akiweka besi d kisha l, umepata tano sambamba, yaani sauti mbili zinazosogea pamoja zikiwa umbali wa tano: s juu ya d, m juu ya l. Kwaya itasikika tupu ghafla katikati ya neno. Iache besi ibaki d nota zote mbili na tatizo limekwisha. Rekebisha kwa mkono. Ukimrudishia akurekebishie, huwa anaharibu kipimo kingine kilichokuwa sawa.

Ikiwa tayari, fungua kwenye EasyABC, sikiliza, toa MusicXML (faili la nota linalosomwa na programu nyingine) na uifungue MuseScore kwa ajili ya kuchapa.

Kujifunza kutoka kwa bendi za mjini

Tabora ilikuwa na Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na magitaa yao bado ni shule kwa anayetaka kiitikio chenye mwendo. Demucs hugawa rekodi katika mafungu manne: sauti za watu, ngoma, besi na vinginevyo. Kwenye kompyuta isiyo na kadi ya picha (GPU) hutumia takribani mara moja na nusu ya urefu wa wimbo. Laptopu ya zamani itachukua zaidi. Usitegemee kutenganisha gitaa la solo na la ridhimu. Yote mawili yataingia fungu la vinginevyo, hasa rekodi ikiwa ya mono. Manyanga na vyombo vingine vinavyochakacha huvuja kwenye fungu la sauti za watu, maana mchakacho wake uko karibu na "s". Kwa kujifunza kwa sikio inatosha. Kukata kipande na kukiweka kwenye wimbo wako ni jambo lingine, linahitaji ruhusa ya mwenye haki.

Kuhusu Suno na Udio, zinazotunga wimbo mzima kwa agizo la maneno: zinafaa kumwonyesha mfadhili wimbo unaelekea wapi, basi. Mpango wa bure wa Suno hauruhusu biashara, na Juni 2024 kampuni kubwa za kurekodi za Marekani zilizishtaki zote mbili kwa kutumia rekodi zao kuzifunza mashine. Ofisi ya hakimiliki ya Marekani nayo ilieleza Januari 2025 kwamba agizo la maneno peke yake halimfanyi mtu kuwa mtunzi. Kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999 na msimamizi ni COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Tunza rekodi yako ya kwanza ya "du" ikiwa na tarehe yake, pamoja na karatasi za rasimu. Ndizo zinazoonyesha melodi ilitoka kwa nani.

Faili za mazoezi

Kwenye MuseScore, punguza sauti tatu kwenye kichanganyio hadi zisikike kwa mbali, acha moja juu, toa MP3. Rudia kwa kila sauti. Kwa mono ya kbps 64, wimbo wa dakika tatu ni kama MB 1.4, bando la mwimbaji wa Sikonge halitalia. Tumia mlio wa piano, si wa ogani, kwa sababu piano inaonyesha mwanzo wa kila nota. Na faili la sauti ya nne litoe oktava moja juu: spika ya simu haiwezi kutoa vizuri G ya chini ya Hz 98, na wanaume watakuja Jumamosi wakisema faili lao lilikuwa bovu.