Jinsi ya kuomba kikao cha mtaa na bandari: mwongozo kwa wakazi wa Kurasini na majirani zake

Anayekaa Kurasini, Mivinjeni, Keko au Mtoni, jijini Dar es Salaam, anaijua bandari hata kama hajawahi kuvuka geti lake. Anaijua kwa malori yanayounguruma usiku, vumbi linalotua kwenye nguo zilizoanikwa, na mtaro uliozibwa na matope ya tairi. Haya yote huzungumzwa kila siku kibarazani na kwenye makundi ya WhatsApp, na huishia hapo hapo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyatoa huko na kuyafikisha mezani, kwa barua ambayo ofisi haitaipuuza kirahisi.

Anza kwa kujua mwenye jambo

Barua nyingi za wakazi hufia hapa. Tumezoea kusema "bandari" tukimaanisha kila kilicho nyuma ya ukuta ule, kumbe nyuma yake kuna ofisi nyingi. Mwenye bandari ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, TPA, chini ya Sheria ya Bandari ya mwaka 2004. Gati 4 hadi 7 zinaendeshwa na DP World, kampuni ya Dubai, kwa mkataba uliosainiwa Oktoba 2023, na gati 8 hadi 11 zina mwendeshaji mwingine. Zile yadi za makontena zilizo katikati ya makazi ni bandari kavu. Nyingi ni mali ya watu binafsi, na anayezisimamia kwa leseni ni TASAC, yaani Shirika la Wakala wa Meli Tanzania. Matangi ya mafuta nayo mengi ni ya makampuni.

Barabara pia zina wenyewe. Kilwa na Mandela ni za TANROADS, wakala wa barabara kuu; za ndani ya mtaa ni za TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Lori lililoegeshwa mahali pasiporuhusiwa ni kazi ya trafiki. Moshi, kelele, maji machafu na vumbi vinahusu NEMC, baraza la taifa la mazingira, pamoja na afisa mazingira wa manispaa.

Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu, simameni mahali penye kero na mwulizane: lori hili linasubiri kuingia geti lipi? Maji haya yanatoka yadi ya nani? Mkikosea hapa, barua itazungushwa miezi mitatu kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Daftari la matukio

Nunueni daftari la kawaida, likae kwa mtu mmoja mwaminifu ambaye nyumba yake inatazama barabara. Kila tukio liandikwe siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mahali, kilichotokea, nani ameathirika. Andika hivi: "Jumanne, saa 8 usiku hadi saa 10, matrela sita yameegeshwa mbele ya zahanati, injini zinawaka, bajaji iliyombeba mjamzito imepitia uchochoroni." Usiandike "malori yanatusumbua sana." Namba za magari ziandikwe. Picha zipigwe kutoka mahali salama, na zielekezwe barabarani. Msiingie eneo la bandari wala la matangi na simu zenu, kwa sababu hayo ni maeneo yenye ulinzi na mtajitafutia kesi isiyo na maana.

Mwezi mmoja wa daftari unatosha kwa barua ya kwanza.

Mkutano wa mtaa

Hapa ndipo malalamiko ya watu wachache yanapogeuka kuwa sauti ya mtaa. Nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwombe suala liwe ajenda ya mkutano wa wakazi, na mtendaji wa mtaa aandike muhtasari. Hakikisheni mahudhurio yamesainiwa, na azimio limeandikwa kwa maneno yaleyale mnayotaka yasomwe bandarini. Muhtasari upigwe muhuri.

Chagueni wawakilishi watano au sita. Nasisitiza wasiwe wanaume wenye nyumba peke yao. Mama lishe wa pale getini anajua saa za foleni kuliko mtu yeyote, na mpangaji mwenye mtoto mwenye pumu ana la kusema kuhusu moshi. Ongeeni pia na madereva na matingo wao. Wanalala barabarani kwa sababu hawana mahali pa kusubiri zamu, na wengi wangefurahi kupata eneo la maegesho lenye choo na maji. Ombi linalowajumuisha lina nguvu zaidi kuliko linalotaka wafukuzwe tu. Kama kero yenu ni ya majini, mathalani uchimbaji wa kuongeza kina cha bahari unaogusa wavuvi wa upande wa Kigamboni, washirikisheni viongozi wa wavuvi wa eneo hilo tangu mwanzo.

Barua yenyewe

Iwe ukurasa mmoja. Iandikwe kwa Meneja wa Bandari ya Dar es Salaam, au kwa meneja wa yadi husika, kwa kupitia Mtendaji wa Kata. Nakala ziende kwa diwani, afisa mazingira wa manispaa na NEMC ofisi ya kanda. Kama ni bandari kavu, ongezeni TASAC. Mfano:

"YAH: OMBI LA KIKAO CHA PAMOJA KUHUSU MALORI YANAYOEGESHWA USIKU

Wakazi wa mtaa huu, katika mkutano wao wa tarehe iliyo kwenye muhtasari ulioambatishwa, wameazimia kuomba kikao na ofisi yako ndani ya siku 21. Tunaomba: (1) malori yaitwe getini kwa zamu badala ya kusubiri barabarani, (2) barabara ya mtaa imwagiwe maji wakati wa kiangazi, (3) atajwe afisa mmoja, kwa cheo na namba ya simu, atakayepokea taarifa za dharura usiku."

Maombi matatu yanatosha. Mkiandika kumi na mawili, watajibu lile lililo rahisi kuliko yote na kusema wameshughulikia.

Ambatisheni nakala ya muhtasari na kurasa za daftari. Peleka barua kwa mkono hadi masijala, ukiwa na nakala ya pili, nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiondoke bila muhuri huo. Siku watakaposema hawajawahi kusikia kutoka kwenu, utatoa karatasi hiyo.

Kama kuna ujenzi mpya

Gati linapopanuliwa au yadi mpya ikifunguliwa, msisubiri kero ianze. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatoa kwa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inataka miradi mikubwa ifanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira ikiwashirikisha wanaoathirika. Ulizeni: tathmini imefanyika? Cheti cha tathmini hiyo kina masharti gani? Masharti hayo ndiyo mtakayoyashika baadaye.

Huko Los Angeles, wakazi wa San Pedro na mashirika ya mazingira walikwenda mahakamani mwaka 2001 kuhusu gati la kampuni ya China Shipping. Hoja yao ilikuwa kwamba mradi umeidhinishwa bila tathmini inayostahili. Mwaka 2003 walifikia makubaliano ya dola milioni 50 za kupunguza athari, na meli zikaanza kutumia umeme wa nchi kavu zikiwa gatini badala ya kuwasha injini. Chanzo kilikuwa swali la tathmini.

Mkinyimwa nyaraka, tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Mwombaji awe raia, ombi liwe la maandishi, na ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 30.

Siku ya kikao

Ombeni kikao kifanyike mtaani, na kianze kwa kutembea, ikiwezekana saa ya kero yenyewe. Afisa aliyesimama saa 3 usiku kwenye moshi wa matrela hahitaji maelezo marefu. Kila ahadi iandikwe pamoja na cheo cha aliyeitoa na tarehe, pande zote zisaini, na tarehe ya kikao kijacho ipangwe kabla ya kutawanyika. Waulizeni pia ni shehena kiasi gani ya yadi yenu itahamia bandari kavu ya Kwala, Pwani, iliyozinduliwa Julai 2025, kwa sababu jibu hilo linabadilisha hesabu ya malori mtaani.

Huenda mkaahidiwa madawati ya shule au bati za zahanati. Pokeeni kwa shukrani, lakini yaandikwe kwenye ukurasa wake. Dawati halipunguzi moshi, na nimeona mitaa ikinyamazishwa kwa misaada ya namna hiyo huku ombi la msingi likisahauliwa.

Siku zikipita bila jibu

Andikeni barua ya kukumbusha, ikitaja tarehe ya muhuri wa masijala. Kimya kikiendelea, diwani alifikishe suala kwenye baraza la madiwani, na ninyi mpeleke jalada lote kwa Mkuu wa Wilaya na NEMC, mkiomba ukaguzi wa eneo. Ukaguzi ukifanyika, ombeni nakala ya taarifa yake kwa maandishi, na daftari liendelee kujazwa.