Umefeli NCLEX? Anza na ripoti, si kitabu
Wenzangu mnaorudia NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, kabla ya kufungua kitabu ukurasa wa kwanza, ichukueni ripoti anayopewa aliyefeli. Inaonyesha kwa kila eneo la mtihani kama ulikuwa juu ya kiwango cha kufaulu, karibu nacho au chini yake. Zile siku 45 za kusubiri kabla ya kurudia mtihani zianze na maeneo ya chini, kisha ya karibu. Ya juu yaguse kwa maswali machache tu. Ukisoma upya kila kitu, muda mwingi huishia kwenye unachokijua tayari, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mbinu hii haisaidii kama karibu maeneo yote yako chini. Hapo fanya maswali machache kwa siku, na kila swali ujieleze kwa sauti kwa nini machaguo mengine si sahihi.