SOMO: Kusoma ukame kwenye pete za msonobari wa Mediterania (soma lote ndipo uulize)

Wakuu, natumiwa picha za vipande vya miti vyenye pete (miduara ya mbao ambayo mti huongeza mwaka hadi mwaka) na swali ni lile lile: "Pete hii nyembamba ni ukame wa mwaka gani?" Kwa picha siwezi kujua, na wewe huwezi. Naandika hapa mara moja, nikiulizwa tena natuma kiungo.

Mfano ni msonobari wa Aleppo (Pinus halepensis) wa bonde la mto Ebro, Hispania, upande wa Zaragoza, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 320.

1. Omba kibali. Msitu una wenyewe.

2. Chagua miti mikubwa yenye afya, 15 hadi 20 eneo moja. Iliyovunjika kilele iache.

3. Toboa kwa kekee ya sampuli, ile yenye uwazi ndani inayotoa kijiti cha milimita 5, kwenye urefu wa mita 1.3. Mlimani ingilia ubavuni, maana msonobari wa mteremkoni hujaza mbao zaidi upande wa bondeni. Vijiti viwili kila mti.

4. Kausha, kisha gundisha kwenye kibao chenye mfereji, nyuzi za mbao zikiwa zimesimama wima. Zikilala hutaona kitu.

5. Piga msasa, anza namba 120, maliza 400 au 600.

6. Kupanga tarehe. Hapa ndipo watu wanapoharibikiwa, kwa hiyo punguza mwendo.

Msonobari huu hukua sana kuanzia Machi hadi Juni. Julai na Agosti hufunga stomata (vitundu vidogo vya majani) kuokoa maji, na unene wake unasimama. Mvua ya Septemba na Oktoba ikija, unaweza kuanza tena. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja unakuta mbao nyeupe, mstari mweusi, kisha nyeupe tena. Anayehesabu mistari myeusi tu atauhesabu mwaka huo mara mbili. Tazama ukingo wa upande wa gome: wa pete ya kweli umekatika ghafla, wa pete ya uongo unafifia taratibu pande zote mbili.

Kinyume chake nacho kipo. Mwaka mkavu kupindukia, mti unaweza usitengeneze mbao yoyote upande ule uliotoboa. Sasa piga hesabu: pete moja imezidi, nyingine imekosekana, jumla inatoka sawasawa na wewe unafurahi, kumbe miaka yote iliyo katikati ina tarehe isiyo yake!

Dawa ni kulinganisha mti na mti. Kwenye karatasi ya miraba, kila pete iliyo nyembamba kuliko majirani zake ichoree mstari. Ikizidi wembamba, mstari urefuke. Mifuatano ikikubaliana mti kwa mti, tarehe zimeshika. Aliyeijenga njia hii ni Andrew Douglass, mtaalamu wa nyota wa Arizona. Baada ya macho ndipo uendeshe COFECHA, programu ya kukagua kama tarehe za pete zinakubaliana.

ONYO: COFECHA haisahihishi tarehe, inakuonyesha penye mashaka tu. Usichomeke pete ya sifuri (nafasi ya pete iliyokosekana) kwa sababu programu imependekeza. Rudi kwenye mbao.

ONYO la pili: usichukue miaka ya ukame inayojulikana (1994–95, 2005, 2012) ukailazimishia pete nyembamba, halafu uandike kwamba umegundua ukame unapunguza ukuaji. Hujagundua, umejijibu mwenyewe.

7. Ondoa athari ya umri, kwa kuwa pete hupungua mti unavyonenepa. Tumia dplR, kifurushi cha pete za miti ndani ya R, programu ya takwimu.

8. Linganisha na SPEI, kipimo cha ukame kilichotolewa 2010 na Vicente-Serrano na wenzake. Huondoa kwenye mvua kiasi cha maji ambacho hewa ingeweza kuvuta. Usichukue Julai peke yake. Maji yanayojenga pete yameanza kuingia ardhini tangu majira ya baridi, hivyo jaribu jumla ya miezi 6 hadi 12.

MASWALI

Kijana wa Bonde: Mkuu, pete yangu nyembamba ni ya 2003, lile joto la Ulaya, sivyo?

Mwandishi: Umefanya hatua ya 6?

Kijana wa Bonde: Bado, nimehesabu tu kutoka kwenye gome.

Mwandishi: Basi huna 2003.

Mama Miche: Kutoboa si kuua mti? Mnajiita watu wa misitu.

Mwandishi: Msonobari huziba tundu kwa utomvu wake. Usilizibe kwa rangi wala nta. Safisha kekee kwa spiriti kabla ya mti mwingine.

Darubini: Nimesoma lote, asante. Mvua ikirudi, mti hurudia unene wake mwaka unaofuata?

Mwandishi: Swali zuri. Mara nyingi hapana, unaweza kudorora mwaka mmoja hadi minne. Umepukutisha sindano (majani yake), akiba ya sukari imepungua, na baadhi ya njia za maji zimeingia hewa. Lloret na wenzake (2011) walipendekeza uwiano tatu: ukuaji wa wakati wa ukame kwa wa kabla, wa baada kwa wa wakati wa ukame, na wa baada kwa wa kabla. Angalia tu miaka uliyoiita "kabla". Ikiwa ilikuwa na mvua nyingi kupita kawaida, mti utaonekana dhaifu bure.

Darubini: Na mwaloni, Quercus ilex? Sioni pete kabisa.

Mwandishi: Si macho yako. Mipaka yake ni hafifu na mbao ni ngumu mno. Ukipata kisahani cha shina lililokwisha kukatwa, bora zaidi. Tabia yake pia ni tofauti: huendelea kuvuta maji wakati msonobari umeshafunga, kwa mizizi mirefu. Ukame wa 1994 ulikausha majani ya mialoni mingi, na mingi ikachipua tena. Msonobari wa Aleppo ukikauka hauchipui.

Mwana Tanga: Huku kwetu kwenye vuli na masika inafaa?

Mwandishi: Misimu miwili ya mvua inaweza kutoa pete mbili kwa mwaka. Anza na mninga wa miombo, kwenye msimu mmoja wa mvua.

Fundi Msasa: Nyongeza: vijiti vibebwe kwenye mirija ya karatasi. Ya plastiki huotesha ukungu.

Mwandishi: Kweli. Na meno ya kekee yapakwe nta ya nyuki.

Kijana wa Bonde: Kekee yangu imekwama mtini tangu mchana, nilienda kula kwanza.

Mwandishi: Mbao imeibana. Irudishe nyuma ukiwa unaivuta kuelekea kwako, na chakula kisubiri.