Msaidizi wa mtandaoni, mpe kazi moja kwanza

Wenzangu wa Zanzibar mlo na vigesti Jambiani, Paje na huko Nungwi, na nyie mnaotembeza wageni mashamba ya viungo Kizimbani, hebu nkwambieni kitu. Mkimchukua mtu wa kuwasaidia kwa mtandao (anaweza akawa kijana yupo zake Chake Chake na laptopu tu) msimrushie kazi zote kwa pamoja, mpeni ile inayokula muda wenu kila siku, na kwa wengi wetu ni kujibu meseji za wageni mana maswali ni yale yale, bei gani, boti saa ngapi, mnakuja kunichukua uwanja wa ndege, msitu wa Jozani tutawaona kima punju. Kaa nae myaandike majibu pamoja, kisha yatieni kwenye majibu ya haraka (yanayokaa tayari kutumwa) ya WhatsApp Business, ile WhatsApp ya biashara, na simu wala humpi, unaunganisha kompyuta yake tu, siku mkiachana unaiondoa mwenyewe hapohapo kwenye simu yako.

Booking.com pia, kule wageni wanakokata vyumba, mfungulie akaunti yake chini ya yako. Na namba ya siri ya pesa za simu, hiyo khasa usimpe, hata akiwa mtoto wa shangazi yako.

Kitu watu wanasahau sana ni mipaka, mwambie wazi anaweza kupunguza bei mpaka wapi bila kukuuliza, na mgeni akilalamika au akitaka kurudishiwa pesa anakuita wewe. Anzeni masika, Machi mpaka Mei wageni wachache, ikifika Julai keshazoea.