Kurekodi shoo ya laivu ya elektroniki isiyo na nyimbo, hapa hapa Mwanza

Wadau, kama kuna kundi linapiga elektroniki ya kubuni palepale, yaani sinthesaiza, drum mashini na laptop, hawana hata orodha ya nyimbo, na unataka kuwarekodi kwenye baa ya wazi huku Kirumba au Capri Point, basi jua kabisa hakuna wimbo utakaoisha upate muda wa kubonyeza stop. Washa rekoda kabla hawajapanda jukwaani, izime watu wakishaanza kuondoka. Memori kadi sio kisingizio, stereo ya biti 24 na 48 kHz inakula kama GB 1 tu kwa saa.

Saundi cheki yao usiiamini. Jioni wanagusa vyombo kiungwana, ikifika saa 5 usiku mtu kafungulia besi yote, kwa hiyo weka levo chini, kwenye cheki isizidi dB -18 kwenye mita ya rekoda, wakichangamka itapanda yenyewe. Ikigonga 0 inakwaruza ndo basi tena.

Sasa hapa ndo penyewe: rekodi sehemu mbili kwa pamoja, laini ya mikisa (waya unaotoa sauti moja kwa moja kwenye mikisa) na maiki mbili za nje. Ya mikisa peke yake ni safi ila haina uhai, kelele za watu hazimo, na hawa jamaa wakisikia watu wanapiga mayowe ndo wanakirefusha kipande, sasa msikilizaji wa nyumbani atajuaje kwa nini wamekomaa na ile mdundo dakika 10? Maiki peke yake nayo utasikia meza ya jirani inaagiza sato wa kuchoma. Zipandishe juu ya vichwa vya watu, karibu na fundi mitambo, mbali na taa maana wadudu wa ziwani wakija wanajaa kwenye mwanga, na uzivalishe sponji nene, ule upepo wa ziwa unavuma kwenye maiki balaa.

Umeme? Rekoda itembee na betri, full stop. Ukisikia mvumo kwenye laini, laptop na mikisa zichomeke ekstensheni moja au tafuta kiboksi cha DI, kile cha kuweka kati ya laptop na mikisa kukata mvumo, ila usikate waya wa athi, utaua mtu.

Ruhusa omba mapema, wengi hawana shida, bendi ya Grateful Dead ya Marekani toka 1984 waliwatengea kabisa eneo lao watu wa kurekodi.

Nyumbani ukiunganisha, maiki zitakuwa zimechelewa, mita 20 kutoka kwenye spika ni kama milisekunde 58, basi piga kofi moja kubwa kwenye maiki ya jukwaani kabla ya shoo, halafu sogeza mpaka makofi yakutane. Laini iwe juu, ya nje uipandishe kidogo kidogo mpaka usikie watu. Ukikata vipande kata pale drum zinapobadilika, usifute zile dakika wanazohangaika kutafuta mdundo, na jina la faili andika tarehe na mahali tu, wenyewe hawajakipa jina.