Kuchonga Superbird ya Namba 43 kwa Gogo la Mwembe

Kabla ya kushika msumeno, chagua mwaka. Gari la mbio la 1970 si la 1972, na shabiki wa zamani akiona umeyachanganya hatakwambia neno. Ataliweka chini na kuomba chai.

Hapa tunachonga Plymouth Superbird ya dereva Richard Petty, namba 43, msimu wa 1970, kwa kipimo cha 1 kwa 20. Wapenzi wa NASCAR ya zamani, mashindano ya magari ya Marekani, hawachelewi kulitaja gari hili, na sababu yao inakuhusu wewe mchongaji. Siku hizo sheria ilitaka gari la mbio liwe lile lile linalouzwa dukani. Plymouth ilitaka pua ndefu na bawa refu uwanjani, basi ikabidi imuuzie mwananchi gari pamoja na pua na bawa lake. Zikatoka zaidi ya 1,900. Leo hata taa za mbele za magari ya NASCAR ni stika. Kwa hiyo lipate kwanza gari la dukani, umbo lake hasa. Rangi na namba haziokoi umbo bovu.

Kama hujawahi kuchonga gari, anza na Hudson Hornet namba 92 ya Herb Thomas, bingwa wa 1951 na 1953. Lina mgongo wa mviringo kama bofulo na halina bawa la kukuvunjikia. Tena ni la enzi ambazo huko Daytona, Florida, walikimbia nusu barabarani, nusu mchangani ufukweni, mpaka 1958. Ukilirushia mchanga wa Shela kwenye madigadi hujadanganya mtu.

Mti

Mwembe ndio mzuri: laini, hauchoshi mkono, na vipande vyake Lamu havikosekani. Mwarobaini wanaoutumia wachongaji wa Malindi unafaa pia, ila vumbi lake ni chungu na linawasha. Funga pua kwa kitambaa. Mbambakofi waachie wachonga milango, utakumalizia patasi bure. Na usishawishike na ubao wa jahazi bovu hata ukiwa mkavu kama mfupa. Umenywa chumvi na sifa, yaani mafuta ya samaki, miaka na miaka. Rangi itashika wiki chache kisha itatoa malengelenge, na hakuna msasa wa kuitoa sifa iliyokwisha kuingia ndani.

Kata bonge la mm 290 kwa 100 kwa 60. Likiwa bichi, zipake ncha zote mbili gundi ya mbao, uliweke kivulini penye upepo miezi miwili au mitatu. Ncha zisipozibwa hukauka kabla ya kiini, na ufa huanzia hapo ukaja moja kwa moja kwenye boneti. Lipime kwenye mizani ya dukani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, bonge liko tayari.

Toboa kwanza

Gari likiisha litakuwa na urefu wa mm 280, upana wa mm 97, na mm 147 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Ekseli ya mbele ikae mm 67 kutoka ncha ya pua, mm 10 juu ya tako la bonge. Toboa matundu yote mawili kwa keekee yenye biti ya mm 4 sasa hivi, bonge likiwa bado lina pembe zake. Wengi huchonga kwanza. Ubavu ukishakuwa na tumbo biti inateleza, na gari linasimama kwa miguu mitatu kama kigoda kibovu. Toboa nusu upande huu na nusu upande ule, yakutane katikati. Ndani tia mrija wa plastiki ambamo spoki ya baiskeli itazunguka bila kukwama.

Umbo

Chora umbo la ubavuni na la juu kwenye karatasi, kila sm 20 za gari halisi ziwe sm 1, ubandike kwenye bonge. Kata la ubavuni kwanza. Vipande vilivyotoka usivitupe: virudishe mahali pake kwa seloteipu, maana mchoro wa juu uko mgongoni mwake na bila hivyo bonge halitalala sawa ukikata mara ya pili.

Pua ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Inashuka kuanzia mbele ya tairi la mbele na kuendelea kushuka hadi ncha. Mkono uliozoea vyombo vya baharini huipa omo ya jahazi, ikainuka kidogo mwishoni bila mwenyewe kujua. Superbird haina omo. Weka rula juu ya boneti uitelezeshe mbele. Ukiona mwanga chini yake kabla ya ncha, umeipinda. Ncha iachie unene wa mm 10, ukiifanya kali kama kisu itameguka siku ya kwanza itakapoanguka. Taa zake zimefichwa, kwa hiyo usitoboe macho.

Ubavu nao haunyooki. Ukilitazama gari kutoka juu, limejaa kwenye tairi la mbele, linabana mlangoni, linajaa tena nyuma. Kubana kwa mm 2 kila upande kunatosha. Maliza kwa kigae cha chupa, kwangua kufuata nyuzi. Msasa peke yake hula sehemu laini na kuacha matuta.

Superbird za dukani zilivikwa vinili (plastiki mfano wa ngozi) paani kuficha viungo vya kioo cha nyuma kilichobadilishwa. La mbio halikuhitaji urembo huo, basi paa liwe laini tupu. Vioo vipake rangi nyeusi, inapendeza kuliko plastiki ya chupa ya maji. Wavu wa dirishani usiuweke: ulikuja kuwa sharti baada ya Petty kupinduka kwenye uwanja wa Darlington mwezi Mei 1970.

Bawa

Miguu miwili ya plaiwudi ya mm 3, kila mmoja kimo mm 35 na kitako mm 20, ilale kuelekea nyuma. Ikikaribia kusimama wima umechonga Dodge Charger Daytona, binamu yake wa 1969. Juu yake weka ubao wa mm 75 kwa 10 kwa 3, ulionolewa ukingo wa nyuma. Kwenye buti chimba mifuo miwili ya kina cha mm 5, mguu uingie kabla ya gundi. Bawa lililogundishwa juu juu, tena juu ya rangi, litabaki mkononi mwa mtoto wa kwanza atakayelibeba gari kwalo. Na wote watalibeba kwalo.

Magurudumu

Tumia soli za patipati zilizotupwa na bahari, unene wa mm 15. Kata duara kwa kisu, kubwa kidogo kuliko mm 35, libane kwa bolti na nati, lizungushe polepole kwenye drili juu ya msasa uliolowa. Ukienda mbio raba inayeyuka na kunata.

Rangi

Hapa historia inakurahisishia kazi. Akina Petty wenyewe wanasema buluu yao ilizaliwa siku walipokosa rangi ya kutosha, wakachanganya nyeupe na buluu walizokuwa nazo. Fanya hivyo hivyo. Anza na nyeupe, utie buluu tone kwa tone; ukianza na buluu utamaliza kopo zima la nyeupe na bado imekoza. Lenga buluu ya maji ya mkondo wa Manda mchana wa kaskazi, kisha kama iliyotiwa maziwa. Jaribu kwenye kipande cha mti huo huo na uhukumu kesho yake, maana ikikauka hubadilika.

Praima mikono miwili, msasa namba 400 wa maji, kisha rangi mikono mitatu myembamba. Chini ya gari pia, la sivyo unyevu utapanda kutoka huko. Wakati wa kusi ipe kila mkono siku mbili. Kaskazi moja yatosha, ila paka ndani ya ukumbi, upepo usikuletee vumbi.

Namba 43 ni nyeupe, kimo mm 24, milangoni na paani. Kata stika iwe kiolezo, chovya sponji, ipunguze rangi kwenye gazeti hadi iwe karibu kavu, ndipo upige. Sponji ikilowa rangi hupita chini ya stika. Vua stika kabla rangi haijakauka kabisa. Nyekundu ya STP, kampuni iliyomdhamini Petty, iliingia 1972, haihusiki hapa.

Bawa likivunjika, na litavunjika, chokoa gundi ya zamani mfuoni kwa ncha ya kisu mpaka uone mti mweupe ndipo utie mpya.