Kupiga jipsam kwenye stadi za bati: angalia mdomo kwanza

Dar es Salaam nilikuwa napiga jipsam za dari kwenye blandaring, yaani fremu ya vipande vya mbao. Nilipofika Columbus, Ohio, besimenti ya kwanza niliyopewa ilikuwa na stadi za bati, yaani nguzo nyembamba za fremu ya ukuta, nikajiambia kazi ni ileile. Nikatia skrubu zangu za mbao, zile zenye meno mapana. Zikazunguka tu kwenye tundu kama ufunguo wa mlango mwingine. Bati linataka skrubu za meno ya karibukaribu, urefu wa inchi 1 kwa bodi ya jipsam yenye unene wa nusu inchi. Ya inchi 1¼ nayo inafaa. Ukizidisha hapo unatafuta waya na mabomba ya watu.

Usifunike ukuta kabla mkaguzi wa umeme hajapita. Weka alama za penseli sakafuni na darini penye kila stadi. Ukisahau, tafuta kwa sumaku.

Sasa lile lililonigharimu. Stadi ukiitazama kutoka juu ina umbo la C: mgongo upande huu, mdomo upande ule. Zisimamishe zote zikielekea upande mmoja, kisha anza kazi kwenye kona ambayo midomo inaitazama. Hapo bodi ya kwanza itaishia kwenye nusu ya upande wa mdomo, na ya pili itakaa upande wa mgongo, ambao ni mgumu. Mimi nilianza kona ya pili. Kila nilipopiga skrubu ya bodi iliyofuata, mdomo ulikosa wa kuushika, ukakunjika nyuma, na kiungo kikabaki na ngazi. Mwenye nyumba alipowasha taa pembeni ya ukuta, kila kiungo kilikuwa na kivuli chake. Siku mbili nzima nasawazisha kwa puti, bila malipo!

Bodi isiguse zege, maana itanyonya unyevu. Mimi naiegemeza juu ya vipande vya bodi vya nusu inchi, halafu navichomoa. Skatingi itaficha pengo.

Kwenye kupiga, kandamiza bodi kwa kiganja karibu na skrubu. Stadi itarudi nyuma kidogo mpaka ncha ipenye, ndipo meno yaivute. Acha kichwa kikibonyea tu bila kuchana karatasi, kwa sababu karatasi ndiyo inayoishika bodi, si ule unga wa ndani. Ikichanika, piga nyingine inchi 2 pembeni. Naziachanisha inchi 12, na ukingoni siingii chini ya milimita 10. Inayozunguka bila kubana ing'oe, usiiongezee kasi.

Kabla ya kubandika tepu kwenye viungo napitisha kisu cha puti juu ya vichwa vyote. Kikilia "tik", kuna kilichochomoza. Nakirudisha kwa bisibisi ya mkono, robo mzunguko.